Koti la ngozi la Antwerp halifai Tanga

Sisi tulio Ulaya tuna kaugonjwa: tukirudi likizo tunawasimanga vijana wa boda. Kijana kavaa singlendi na ndala, elementi, yaani kofia ngumu, kaitundika kwenye saiti mira, basi tunamshushia mhadhara wa usalama hadi tunafika. Mimi naendesha pikipiki Antwerp, na nikiwa nyumbani Tanga naendesha pia. Nusu ya mhadhara ule ni upuuzi.

Huku Ubelgiji, tangu Septemba 2011, sheria inamtaka dereva wa pikipiki na abiria wake wavae kofia, glavu, koti la mikono mirefu, suruali ndefu na viatu vinavyofunika vifundo vya miguu. Ufaransa waliongeza glavu mwaka 2016. Uingereza sheria inadai kofia tu, mengine shauri yako. Yaani hata Wazungu wenyewe hawajakubaliana, halafu sisi tunakwenda nayo nyumbani kama aya ya msahafu.

Isitoshe, huku kuvaa hivyo si kazi. Miezi mingi baridi inakuvalisha yenyewe, na kwenye barabara kuu watu wanakwenda kilomita 120 kwa saa, kwa hiyo koti lenye pedi za mabega na viwiko lina maana yake. Sasa mchukue kijana anayeshinda juani kuanzia alfajiri, fukuto la pwani unalijua, umvalishe ngozi. Kufika saa nane mchana kichwa kinamzunguka na jasho linamwingia machoni. Huyo umemlinda na nini?

Ila lami haijali kwamba ulikuwa unakwenda polepole. Ukidondoka, mikono ndiyo inatangulia, bila hata kuiamuru, halafu magoti. Viganja vikichubuka huwezi kushika usukani, na boda asiyeshika usukani hali. Kwa hiyo kwangu mpangilio uko wazi: kofia, glavu, viatu vya kufunika, jinzi nzito. Koti mwisho kabisa, kama pesa imebaki. Ndala sizitetei hata kidogo. Mguu uko sentimita chache kutoka ardhini, na eksozi iko pale pale inakusubiri.

Kofia ndiyo sina mzaha nayo. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, mwaka 2008 ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini iwe kofia kweli. Yangu ina kitambaa kidogo kilichoshonwa kwenye mkanda, kina herufi E na namba ndani ya duara. E6 maana yake imeidhinishwa Ubelgiji. Nyingi nilizowahi kupewa nikiwa abiria zina bako, yaani kifungio cha mkanda, iliyovunjika, mkanda unapepea tu. Hiyo umevaa kwa ajili ya trafiki. Ukianguka itaruka kabla yako.

Na huyo abiria ndiye anayesahauliwa kabisa. Kigali pikipiki inabeba abiria mmoja, na kofia yake ipo. Kwetu ukiiulizia unajibiwa, "Panda tu dada, hapa si mbali." Akina dada nao wana hoja: nani anataka kofia iliyovaliwa na watu kumi tangu asubuhi, na nywele kasuka jana? Kitambaa chepesi cha kujifunga kabla ya kuvaa kinamaliza ugomvi huo, na hakigharimu kitu.

Binamu yangu anayeendesha boda pale Tanga aliniomba koti la ngozi. Nikamnyima. Nimemtumia glavu nyepesi na buti za kufika juu ya kifundo. Za mitumba, ndiyo, viatu havina neno. Kofia ya mtumba sikuthubutu, maana lile povu gumu la ndani likishagongwa mara moja kazi yake imekwisha, na kwa nje huoni kitu. Hiyo nimempa hela akanunue mpya dukani, aifunge mkanda, atikise kichwa. Ikicheza, airudishe rafuni.