Ukitaka sakura za Japani, fika kabla ya kilele

Swali la wanaopanga kwenda Japani kutazama sakura, yaani maua ya miti ya cheri, ni lile lile kila mwaka: kilele, siku ambayo karibu maua yote yamefunguka, kitakuwa tarehe ngapi? Kwa anayetoka mbali, mwenye tiketi isiyobadilishika na visa iliyoombwa kwa ratiba ya siku kwa siku, nasema aachane na kilele. Afike kati ya tarehe 18 na 21 Machi, akae siku nane hadi kumi, ayakute matumba yakianza kufunguka. Wengi huona kwamba huko ni kujipunja. Mimi naona ndio mpango wenye busara zaidi kwa mtu asiyeweza kusogeza tarehe zake.

Tazama tarehe zenyewe. Kwa wastani wa miaka 1991 hadi 2020, sakura za Tokyo hutangazwa kuchanua tarehe 24 Machi na kufika kilele tarehe 31. Lakini mwaka 2020, 2021 na 2023 zilitangazwa tarehe 14 Machi, na kilele kikawa tarehe 22. Mwaka 2024 watu walisubiri hadi tarehe 29 Machi, kilele kikaja tarehe 4 Aprili. Hizo ni wiki mbili za tofauti kati ya mwaka mmoja na unaoufuata. Aliyeamini wastani akakata tiketi ya kuanzia Aprili mosi, mwaka 2023 alikuta petali nyingi zimeshaanguka, na tiketi hairudishwi kwa sababu hiyo.

Chanzo ni aina ya mti. Sakura nyingi za mijini ni za aina moja, Somei Yoshino, nayo huzalishwa kwa kubebesha tu, kama maembe ya kisasa. Miti yote ina vinasaba vilevile, kwa hiyo iliyo sehemu moja yenye joto moja huchanua kwa pamoja na kupukutika kwa pamoja. Tumba hulala tangu kiangazi, huamshwa na baridi ya majira ya baridi, kisha husukumwa na joto. Baridi isipotosha, tumba huchelewa kuamka. Ndiyo maana kuna miaka Kagoshima, kusini kabisa mwa kisiwa cha Kyushu, huchelewa kuliko Tokyo. Ipo kanuni rahisi ambayo Wajapani huitumia: jumlisha joto la juu la kila siku kuanzia Februari mosi, na jumla ikikaribia nyuzi 600, maua hufunguka. Februari ya kawaida Tokyo hukupa kama nyuzi 300. Zinazobaki huzaliwa na Machi, na Machi ndiyo hubadilika sana. Hivyo utabiri wa Januari usikufanye ulipe hoteli isiyorudisha pesa. Ule wa wiki ya pili ya Machi ndio wa kuuamini. Na ujue kwamba tangu 2010 Idara ya Hali ya Hewa ya Japani haitabiri tena siku ya kuchanua, kazi hiyo ni ya kampuni binafsi. Idara hutazama mti na kutangaza yaliyokwisha kutokea.

Hapo ndipo wageni wengi hujichanganya. Tangazo la Tokyo hutolewa pale maua matano au sita yanapofunguka kwenye mti mmoja wa kielelezo ulio ndani ya hekalu la Yasukuni. Siku hiyo ukisimama mbali utaona matawi makavu. Kilele ni asilimia 80 ya matumba kufunguka, na kati ya hatua hizo mbili hupita takriban wiki moja, au zaidi baridi ikirudi.

Wiki hiyo ya katikati ndiyo naitetea. Tumba la Somei Yoshino ni la rangi ya waridi iliyokolea, ua likishafunguka huwa karibu jeupe, kwa hiyo mti uliochanua nusu una rangi kuliko mti uliojaa. Pia ua changa hushikilia kikonyo. Mvua na upepo wa Machi huyapitia maua ya siku mbili bila kuyavua, lakini mvua moja kubwa siku tatu baada ya kilele humaliza kila kitu usiku mmoja. Anayekwenda mwishoni hucheza kamari na mvua. Anayekwenda mwanzoni adui yake ni baridi tu, na baridi humwongezea siku.

Usizifuate Somei Yoshino peke yake. Sakura za matawi yanayoning'inia, ziitwazo shidare, kwa kawaida hutangulia kwa siku kadhaa. Kyoto, nenda bustani ya Kyoto Gyoen, pembe ya kaskazini karibu na kituo cha Imadegawa, kwenye bwawa la palipokuwa na makazi ya ukoo wa Konoe. Hakuna kiingilio, na shidare zake huwa miongoni mwa za kwanza mjini. Tokyo, nenda bustani ya Rikugien kwa shidare moja kubwa, kiingilio yeni 300, halafu bustani ya Shinjuku Gyoen, yeni 500, inayofunguliwa saa 3 asubuhi. Shinjuku Gyoen ina aina nyingi sana za sakura, kwa hiyo katikati ya Machi hukosi mti uliochanua. Pombe hairuhusiwi kuingia nayo, na baadhi ya siku za msongamano huwezi kuingia bila kuweka nafasi mapema.

Kwa safari ya Februari, mahali ni Kawazu, mji mdogo kwenye rasi ya Izu, kusini-magharibi mwa Tokyo. Sakura zake huanza mapema, zina rangi nzito ya waridi na hudumu karibu mwezi mzima. Tahadhari ni moja: pasi ya JR, kundi la kampuni kuu za reli za Japani, huishia mji wa Ito. Kutoka hapo hadi Kawazu ni reli ya kampuni nyingine, unalipa kando.

Ramani ya kawaida ya wageni, Tokyo kwanza kisha Kyoto, naipinga kwa msimu huu. Kilele cha Kyoto kwa wastani ni tarehe 4 Aprili, siku nne baada ya Tokyo, kwa hiyo siku zako za mwisho za Machi ziko karibu zaidi na kilele cha Tokyo. Tua Osaka, anza na Kyoto wakati shidare zimefunguka na hekalu la Kiyomizu-dera, inayofungua saa 12 asubuhi, bado ina nafasi ya kutembea; malizia Tokyo, uondokee huko. Treni ya kasi iitwayo Nozomi kati ya Kyoto na Tokyo huchukua saa mbili na robo, kwa takriban yeni 14,000. Pasi ya JR ya siku saba ni takriban yeni 50,000, hivyo kwa safari moja ya namna hii pasi ni hasara tupu.

Mambo madogo huharibu safari kubwa. Joto la Machi Tokyo ni kama nyuzi 14 mchana na 5 alfajiri, kwa hiyo koti ni lazima hata picha zinazoonyesha jua zikikudanganya. Taa za usiku bustanini huwashwa kwa ratiba iliyopangwa, na anayewahi anaweza kukuta hazijaanza. Kagua tarehe kabla ya kulipia hoteli ya jirani. Usitandike mkeka juu ya mizizi wala kuvuta tawi upate picha: mizizi ya miti hii iko juujuu na udongo ukishindiliwa mti hudhoofika. Na usidanganywe na mplamu wa ume, unaochanua kabla. Ua la ume limegandana na tawi bila kikonyo kirefu na petali zake ni mviringo. Petali ya sakura ina pengo nchani.

Mwaka ukichelewa kama 2024, Somei Yoshino za Tokyo zitakuwa bado zimefungwa hadi tarehe 28. Kwa ajili hiyo, kwa siku mbili za mwisho chukua hoteli inayokubali kufuta bila gharama. Tarehe 24 Machi linganisha matangazo ya Tokyo na ya Fukuoka na Kochi, miji iliyo kusini-magharibi zaidi. Fukuoka na Kochi kwa wastani hutangulia, tarehe 22, na kama zimefunguka wakati Tokyo imelala, fikiria kwenda Fukuoka: ni saa tano kwa treni kutoka Tokyo, lakini kutoka Osaka ni nusu yake tu, kwa hiyo uamuzi huo ufanye kabla hujaondoka Kyoto.