Mateke yameificha kungfu

Taja kungfu kijiweni uone: mmoja atakunja ngumi, mwingine atainua goti na kupiga ukelele. Siwalaumu. Neno lilitufikia kwa kanda za Hong Kong, enzi za vibanda vya video vilivyobandikwa picha ya Bruce Lee mlangoni, na nani angetuambia kwamba Wachina wenyewe mapigano hayo huyaita wushu?

Gongfu, kama wanavyotamka Beijing, ni muda na jasho la mtu mpaka kazi ikamkaa mkononi. Mpishi anaweza kuwa nayo, fundi seremala pia. Waigizaji wa opera husema dakika moja jukwaani ni miaka kumi nje ya jukwaa. Na ukimwomba mtu msaada akakujibu "mei gongfu", hajasema hajui kupigana. Hana nafasi tu. Kwenye maandishi ya Kichina wengi hubadili herufi ya kwanza wakimaanisha muda, lakini mdomoni ni lilelile. Hata padri Mfaransa Cibot, aliyeishi Beijing, alipoandika kuhusu "cong-fou" mwaka 1779, alieleza mazoezi ya viungo na pumzi ya watawa wa Kitao, dini ya kale ya Kichina, ya kutibu maradhi.

Mimi napenda zaidi ile ya chai. Chaozhou, mkoani Guangdong, wana gongfu cha: kibirika cha udongo kinachoenea kiganjani, kimeshindiliwa majani, na vikombe vitatu vidogo kama vya kahawa chungu ya pwani yetu. Maji yawe yamechemka hasa. Mmiminaji hajazi kikombe kimoja ndipo aende kingine. Anazungusha kibirika juu ya vyote, mbiombio, ili huyu asipate maji matupu na yule asipate uchungu mtupu. Mzunguko huo unaitwa Guan Gong akagua mji, kwa jina la jemadari wa kale. Matone ya mwisho, mazito kuliko yote, hugawiwa moja moja, kwa jina la jemadari mwingine: Han Xin ahesabu askari. Majina ya vita, kazi ya chai.

Ndiyo maana hucheka nikiona tangazo la kufundishwa kungfu kwa wiki sita. Mateke utayapata, sawa, na pumzi itaongezeka. Ila gongfu ya wiki sita haipo. Kama ni mkanda mweusi, mimi ningeanza kumvalisha yule mmiminaji wa Chaozhou, ingawa mkanda wenyewe ni mambo ya Wajapani.