Banda la Kuku 12

Kazi inayonilisha ni kusimamia miradi. Ofisini mtu akija na "kanyongeza kadogo tu", mimi ndiye ninayemtolea fomu: hela inatoka wapi, siku zinaongezeka ngapi, nani anatia saini. Wenzangu wananiita Bwana Mawanda, yaani bwana mipaka ya mradi, na si kwa mapenzi.

Basi shangazi akaja na basi kutoka Singida, na tenga la kuku wa kienyeji 12. "Mwanangu, wajengee banda. Wasilale jikoni kama wageni." Nikaandika karatasi: mawanda ya mradi ni banda 1, mirunda 6, wavu, mabati 3, siku 4, shilingi 180,000. Chini, kwa herufi kubwa: HAKUNA NYONGEZA. Nikaibandika kwenye mwembe wetu hapa Chanika, kila mtu aione.

Fundi akaisoma yote, taratibu, kwa heshima. "Safi sana, bosi. Ila mirunda huku mchwa hawaiachi. Tupige tofali, kozi tatu tu, juu tunaweka wavu."

Kwa mchwa sikuwa na ubishi. Walishanilia mlango wa choo cha nje nikabaki na bawaba. Nikakubali kozi tatu.

Sasa, kozi tatu za tofali zinafika kiunoni, pazuri kabisa pa kuegemea, na mtu akishaegemea anaanza kuwaza. Mke wangu aliegemea siku ileile. "Baba watoto, maadamu tofali zipo, si tuvute ukuta kidogo tupate stoo ya mkaa?" Jioni akaegemea jirani: msingi kama huu kuuwekea wavu ni dhambi. Baba mkwe, aliyepita kusalimia tu, hakuegemea. Alipima kwa hatua zake, kisigino kwa kidole, kona hadi kona, akasema, "Mwanangu, ongeza kozi sita, piga lenta. Kuku hawatakulipa kodi."

Ukweni hakuna fomu. Nikasema, "Sawa, baba."

Nikaenda kwenye mwembe kuchukua ile karatasi, angalau nimbane fundi. Haipo. Anayo yeye, kaigeuza, na mgongoni kaandika kwa penseli: nondo mm 12, ringi, saruji mifuko 14, kokoto tripu 1. Kapiga mstari mara mbili. "Karatasi yako imetusaidia sana, bosi."

Ile 180,000 iliishia kwenye mchanga. Kilichofuata kilitoka kwenye akiba, kisha kikoba cha mke wangu, kisha mahali ambapo mpaka leo nikipita nashusha kofia usoni.

Na mafundi wanakula. Siku ya kumwaga zege la lenta walikuwa vijana 9, na huwezi kumbebesha mtu ndoo za zege kutwa nzima kwa chai na andazi. Wakachinjwa 3. Siku ya kupaua, 2. Fundi umeme alikula 1, na kwa kuwa hakumaliza kazi akarudi kesho yake akala mwingine. Baba mkwe alipokuja kuiona lenta yake, 2. Mafundi vigae, 2. Shangazi alikuwa akipiga simu kila Jumapili: "Kuku wangu hawajambo?"

"Hawajambo, shangazi. Wanatusaidia ujenzi."

Mwezi wa tatu wa ujenzi banda likaisha. Vyumba viwili, choo cha ndani, vigae, dirisha la aluminiamu. Alikuwa amebaki jogoo mmoja mwekundu, mkongwe, ambaye vijana wote 9 walishindwa kumkamata. Mimi nilimpata kwa mtama. Nikambeba kwapani, nikafungua mlango, nikamtua katikati ya sebule yake.

Mguu mmoja ukaenda huku, mwingine kule. Akakaa kitako. Akajitazama kwenye kigae, akakiparamia kwa mdomo, akateleza tena, kisha akatoka mbio akaruka juu ya mwembe, akatugeuzia mkia.

Fundi alikuwa amekaa kizingitini akisubiri malipo ya mwisho. Akamtazama jogoo kwa huruma, akavuta penseli sikioni.

"Bosi, yule usimlazimishe. Mbona ni mirunda minne tu na kipande cha wavu?"

Nikageuka kumtazama mke wangu. Alikuwa ameshaegemea mwembe.