Masaa nane ya kwenye karatasi

Jamani hii ya safari za meli za kitalii, kuambiwa meli inafika bandarini saa mbili asubuhi inaondoka saa kumi jioni, we unapiga hesabu una masaa nane ya kuogelea na kuangalia matumbawe, kumbe wapi! Foleni ya kushuka peke yake inakula saa nzima, na kama meli haifiki gatini mnasubiri viboti viwavushe, halafu mwisho wa kurudi melini ni nusu saa kabla haijaondoka, tena kwa saa ya meli sio ya huko nchi kavu. Ukifika ufukweni miwani ya kuzamia inavuja (wenye ndevu mnanielewa, haibani vizuri usoni), ukihangaika nayo mpaka ikae sawa, umeona samaki wawili watatu, mara mwenzio anakupungia mkono muondoke. Aaah!