Keria Inayopiga Mluzi

Leo asubuhi, pale Roysambu, makanga alichomoza nusu mwili nje ya matatu akanipigia kelele: "Mzee, birika lako linachemka!" Abiria wote wakageuka. Mimi, mtu mzima mwenye pikapu yake na deni lake, nikakaza macho mbele kana kwamba mluzi ule unatoka gari la nyuma. Lakini ni keria yangu, fremu ya chuma ya kubebea mizigo juu ya pikapu. Ikifika kilomita 60 kwa saa inanung'unika. Ikifika 80 inapiga mluzi kama mchungaji aliyepoteza mbuzi.

Ile ya dukani niliuliza bei. Nilipotajiwa, nikashukuru nikatoka polepole, kama mtu anayetoka matangani. Ndipo nikaenda Kirinyaga Road, ambayo sisi wenye mvi bado tunaiita Grogan, kutafuta fundi wa kuchomelea.

Fundi akaizunguka pikapu akiigonga-gonga kama daktari. "Mkubwa, hii ni kazi ya saa mbili." Tepu ya kupimia? Imeazimwa na jirani. Jirani? Ameenda Gikomba. Basi akachukua ufito, akaulaza juu ya kebini, akaukwaruza alama mbili kwa msumari, moja ya upana, moja ya urefu. Akaniambia ufito hausahau, kichwa ndicho husahau. Nimesoma mpaka kidato cha nne, lakini nikakubali.

Nikatumwa vyuma vya mraba: skwea za inchi moja, vipande vitatu, kila kimoja mita 6. Niliporudi na mwenye mkokoteni, kijana wa fundi alikuwa ameinama jikoni pale nje, chai imeiva. Nikakaribishwa. Chai ya maziwa, tangawizi kwa mbali, nikaisifu hata. Nilikuwa nusu kikombe fundi alipouliza, "Ule ufito uko wapi?"

Kijana akatazama moto. Fundi akatazama moto. Mimi nikatazama kikombe. Upana nilikuwa nimeshaumeza wote, na urefu nilikuwa nimeuanza.

"Hakuna shida, mzee," akasema fundi, "vipimo viko kichwani."

Kichwa kilekile! Na umeona nilivyoshushwa cheo? Kabla ya kununua vyuma nilikuwa mkubwa. Stima ikapotea saa sita, ikarudi saa kumi. Kufika jioni, nilipouliza mbona mguu mmoja wa keria haugusi gari, nilikuwa "babu, tulia".

Nikatulia. Wakaweka kipande cha tairi chini ya mguu.

Nyumbani nikaipima kwa tepu ya cherehani ya mama watoto. Imekula mita 9 na kidogo. Nilinunua 18. Nikampigia fundi. Akaniambia chuma kikichomelewa hupungua. Hupungua! Kama mchicha! Juzi nimepita pale, amekalia stuli mpya. Ya skwea. Inchi moja.

Askari wa trafiki ameshaniuliza nabeba nini juu, nikamwambia upepo. Maegesho ya chini ya jengo siingii tena, yule mlinzi tunajuana.

Na mimi nilitaka kubeba ngazi tu. Natundika mifereji kwenye mabati ya watu, bila ngazi sina kazi. Ngazi moja! Pesa imekwenda, siku imekwenda, mafuta ndiyo haya, na sasa hata makanga, makanga jamani, ananicheka!

Dereva mmoja wa lori kanihurumia. Anasema nizungushie kamba chuma cha mbele, kama nyoka kwenye mti, upepo ukatike-katike usipate nafasi ya kuimba. Nimejaribu jioni hii na kweli, kimya kabisa. Ila kamba yenyewe ilikuwa ya kuanikia nguo. Mama watoto hakusema kitu. Ametoka na beseni akaanika sare zote za shule kwenye keria, akaniambia pikapu haitoki mpaka soksi zikauke. Nazo soksi, shule inataka za mistari miwili ya kijani, mmoja hautoshi, na tangu muhula uanze za kushoto ndizo zinazopotea. Wanazipeleka wapi hawa watoto?