Baiskeli za Massachusetts, deni la Kampala

Wikendi ya kwanza ya Agosti, zaidi ya watu 6,000 huingia barabarani kwa baiskeli katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Wanaofuata njia kuu huondoka Sturbridge alfajiri, hulala Bourne, na kesho yake humalizia Provincetown, kwenye ncha ya rasi ya Cape Cod. Ni kama kilomita 300 kwa siku mbili. Hakuna mashindano wala zawadi ya mshindi. Kinachowatoa watu nyumbani ni pesa za utafiti na matibabu ya saratani katika taasisi ya Dana-Farber iliyoko Boston.

Msafara huo unaitwa Pan-Mass Challenge. Ulianzishwa mwaka 1980 na Billy Starr, aliyempoteza mama yake kwa saratani ya ngozi aina ya melanoma. Mwaka huo wa kwanza waendeshaji 36 walipata dola 10,200. Mwaka 2024 zilikusanywa dola milioni 75, na jumla ya michango tangu kuanza ikavuka dola bilioni moja.

Kwetu jambo hili si geni kabisa. Tanzania ina GGM Kili Challenge, ambako watu hupanda Mlima Kilimanjaro na wengine huuzunguka kwa baiskeli kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI. Lakini michango yetu mingi ya matibabu hupitia njia nyingine. Kundi la WhatsApp hufunguliwa, mweka hazina hubandika orodha kila jioni, aliyetoa ameandikwa na kiasi chake, aliyeahidi anasubiriwa. Tunatoa kwa sababu mgonjwa tunamjua kwa jina, na tunajua tiketi ya India ni shilingi ngapi. Kwa hiyo Mkenya anayeishi Lowell, mji wa Massachusetts wenye Wakenya wengi, anapoombwa na mfanyakazi mwenzake amchangie dola 50 ili akaendeshe baiskeli, ombi hilo haliingii akilini mara moja. Mgonjwa ni nani? Na kama nia ni kusaidia, kwa nini huyu mwenzetu asitoe tu pesa zake akabaki nyumbani?

Swali hilo lina uzito. Anayechagua njia ndefu ya Pan-Mass Challenge hutakiwa kuleta dola 6,000 hivi, na zisipotimia, kadi yake ya benki hukatwa zilizobaki. Mtu mwenye marafiki mawakili na mameneja wa benki hufikisha kiwango hicho kwa barua pepe moja. Msaidizi wa wauguzi anayeunganisha zamu mbili, ambaye ndiye humwogesha na kumlisha mgonjwa wa saratani siku nzima, atamwomba nani? Zipo njia fupi zenye kiwango cha chini, na maelfu ya watu hujitolea kugawa maji na chakula. Hata hivyo anayepigiwa makofi barabarani ni mwendeshaji, na wengi wanaomudu kuendesha ni wenye nafasi. Waandaaji wa matukio haya wanapaswa kulitazama hilo bila kulikwepa.

Gharama nazo zimezua ugomvi wa miaka mingi. Mtu akitoa dola 50, ni ngapi zinafika maabara na ngapi zinaishia kwenye mahema, polisi wa barabarani na matangazo? Kampuni ya Dan Pallotta, Pallotta TeamWorks, iliyoandaa misafara mikubwa ya baiskeli kwa ajili ya UKIMWI na matembezi ya saratani ya matiti huko Marekani, ilifungwa mwaka 2002 baada ya kulaumiwa vikali kwa matumizi yake. Pallotta mwenyewe ameeleza kwamba baada ya wafadhili kumwacha, pesa halisi zilizokwenda kwenye utafiti wa saratani ya matiti zilipungua kwa dola milioni 60 ndani ya mwaka mmoja. Anayesema hayo ana maslahi yake katika kesi hiyo, lakini hoja yake haipuuziki: asilimia ndogo ya gharama inapendeza kwenye karatasi, na bado kinachofika kinaweza kuwa kidogo.

Pan-Mass Challenge ilijitoa kwenye mzozo huo kwa njia iliyo wazi. Tangu 2007, kila dola inayochangishwa na mwendeshaji hupelekwa Dana-Farber yote. Uendeshaji wa tukio hulipiwa na ada za usajili na wadhamini, Red Sox Foundation, mfuko wa hisani wa timu ya besiboli ya Boston, ikiwa mmoja wao. Kwa maoni yangu, hili ndilo jambo la kwanza la kudai kwa msafara wowote unaokuomba pesa, uwe Boston au Dodoma. Asiyeweza kulijibu kwa sentensi mbili zinazoeleweka, mchango wako na usubiri.

Kuna wanaopinga kwa hoja ya ukubwa. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani hutengewa na serikali dola bilioni saba hivi kwa mwaka. Ukiweka milioni 75 pembeni yake, jasho lote la Cape Cod ni kama asilimia moja. Basi si afadhali nguvu hizo ziende kuwabana wabunge wasipunguze bajeti ya utafiti?

Hesabu yao ni sahihi, ila haizingatii kwamba pesa za serikali na pesa za hisani hazifanyi kazi moja. Mwanasayansi anayeomba ruzuku ya serikali hutakiwa kuonyesha matokeo ya awali yanayothibitisha kwamba wazo lake lina mwelekeo. Mwenye wazo jipya hana matokeo hayo, na hana kwa sababu hajapata pesa za kuyatafuta. Hapo ndipo mchango usio na masharti huingia: humlipia mtafiti kijana mwaka mmoja au miwili ya kujaribu jambo ambalo huenda likashindikana. William Kaelin wa Dana-Farber alitumia miaka mingi kuchunguza ugonjwa adimu wa kurithi uitwao von Hippel-Lindau, unaootesha uvimbe kwenye figo na kwingineko. Swali lake lilimfikisha kwenye jinsi seli zinavyotambua kiasi cha oksijeni, na mwaka 2019 akashiriki Tuzo ya Nobel pamoja na Gregg Semenza na Peter Ratcliffe. Mwaka 2021 Marekani ikaidhinisha dawa ya belzutifan kwa wagonjwa wa ugonjwa huo huo. Utafiti wa namna hiyo unataka mfadhili asiyeuliza matokeo kila baada ya miezi sita.

Dana-Farber yenyewe ilikua hivyo. Mwaka 1948 mwanzilishi wake, daktari Sidney Farber, aliripoti kwamba watoto kumi kati ya 16 wenye saratani ya damu walipata nafuu kwa dawa ya aminopterini. Nafuu haikudumu, ugonjwa ulirudi, na madaktari wengi hawakushawishika. Mwaka huo huo kipindi cha redio kikamtangaza mgonjwa mmoja mtoto kwa jina la kubuni la Jimmy, na wasikilizaji wa kawaida wakachanga zaidi ya dola 200,000. Jimmy, ambaye jina lake la kweli lilikuwa Einar Gustafson, aliishi mpaka mwaka 2001. Mfuko ulioanzia hapo, Jimmy Fund, ndio unaopokea pesa za baiskeli hadi leo.

Kuna faida nyingine isiyoingia kwenye vitabu vya hesabu. Timu nyingi za msafara huoanishwa na mtoto anayetibiwa, na njiani picha za watoto hao husimamishwa kandokando ya barabara, ili anayepita aone sura na jina. Mamia ya waendeshaji wenyewe ni watu waliougua saratani. Kwa mtu aliyemaliza dawa juzi, anayehofia kila kipimo kijacho, kuwa miongoni mwao ni nguvu ambayo hakuna stakabadhi inayoweza kuionyesha.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la mahali. Pesa hizi huzaliwa Massachusetts na hutumika Massachusetts, katika mojawapo ya miji yenye hospitali na maabara tajiri kuliko yote duniani. Sisi tunachangia kwa nini?

Jibu langu linaanzia Mulago, hospitali kuu ya Kampala. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari la Ford lililokwisha tumika, wakasafiri wiki kumi na zaidi ya kilomita 15,000 mpaka Afrika Kusini na kurudi, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza kama ugonjwa huo upo. Bajeti yao ilikuwa ndogo mno. Waligundua kwamba uvimbe huo hufuata maeneo ya joto na mvua, karibu sawa na ramani ya malaria. Vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vilipelekwa kwa ndege London, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakaona ndani yake kirusi kinachoitwa leo Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Madaktari wa Afrika Mashariki walionyesha pia kwamba uvimbe huo huyeyuka kwa dawa, na mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ikaanzishwa.

Miaka karibu 50 baadaye, mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi nchini humo iliharibika kabisa. Wagonjwa walikaa zaidi ya mwaka mmoja na nusu bila huduma hiyo nchini mwao. Watoto wa Uganda waliifundisha dunia kuhusu saratani, kisha mama zao wakakosa mashine ya kuwatibu.

Mtu akiniambia kwamba Afrika Mashariki inahitaji mashine, dawa na wauguzi kabla ya utafiti, nitamwelewa, ingawa simkubalii yote. Mwanasayansi Mjerumani Harald zur Hausen aligundua mwaka 1983 kirusi cha HPV aina ya 16 ndani ya saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo ikapatikana 2006, na Tanzania ikaanza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima mwaka 2018. Sindano anayochomwa binti wa Morogoro ni utafiti uliokamilika. Kinachoniuma ni ile miaka 12 kati ya chanjo kupatikana na binti huyo kuipata.

Ndiyo maana nautazama kwa matumaini mfano wa Seattle. Msafara wa baiskeli wa huko, Obliteride, ulioanza 2013, huchangia Fred Hutchinson Cancer Center, na kituo hicho kina ushirikiano wa muda mrefu na Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mwaka 2015 jengo lao la pamoja lilifunguliwa Mulago, lenye maabara na kliniki. Kwa hiyo anayeombwa mchango na mwendeshaji wa Obliteride anachangia kituo chenye mguu mmoja Kampala.

Nami naunga mkono misafara hii, na ningemhimiza Mswahili wa ughaibuni achange, hata aendeshe akipata nafasi. Ila aulize mambo mawili kabla: pesa zangu zinafika zote, na je, taasisi hii ina kazi yoyote na wagonjwa wa kwetu? Uvimbe wa Burkitt ungali hapa. Marekani karibu watoto wote wenye ugonjwa huo hupona. Uganda na Malawi wengi bado wanakufa. Yapo maswali ya kisayansi ndani ya tofauti hiyo: kipimo gani cha dawa kinamfaa mtoto aliyefika hospitali akiwa na utapiamlo na malaria, na ugonjwa unawezaje kutambuliwa mapema katika zahanati isiyo na mtaalamu wa patholojia. Hiyo ndiyo kazi ambayo ningetaka dola 50 zangu ziilipie.