Mwalimu, hii itatoka?

Juzi nafundisha riba. Mwanafunzi wa dawati la nyuma, ambaye sauti yake huisikia mara mbili kwa muhula, akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama mtu amekopa, analipa kila mwezi, na deni haliishi, amekosea wapi?"

Huyo "mtu" nilimjua papo hapo. Wanaishi nyumba moja.

Nikaachana na zoezi, tukachora jedwali. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila anacholipa kinamezwa na riba, deni lenyewe halijaguswa. Darasa likatulia, na safari hii si kwa usingizi. Ndipo kijana wa mstari wa mbele, yule anayeongoza kila jaribio, akauliza kwa adabu: "Samahani mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani?"

Ningemkasirikia vipi? Sisi ndio tuliomfundisha kwamba kisichotoka hakina thamani. Miaka yote hiyo tunamwambia "hili lishike, hili ruka", halafu tunashangaa swali likigeuzwa maneno kidogo anabaki anatafuna kalamu.

Mkuu wa taaluma naye alikuwa ameshafika mlangoni. Hakuuliza wameelewa nini. Aliuliza tumemaliza kufanyia mazoezi mitihani ya miaka iliyopita mingapi. Minne, nikasema. Wenzangu wamemaliza saba. Hongera zao, wapewe kombe.

Namba ikishakuwa ndiyo kipimo pekee cha mwalimu, mwalimu ataitafuta namba. Kule Atlanta, Marekani, uchunguzi uliotolewa mwaka 2011 uliwataja walimu na wakuu wa shule 178 katika udanganyifu wa mitihani; wengine walifuta majibu ya watoto na kuweka yaliyo sahihi. Mwaka 2015, 11 wakatiwa hatiani mahakamani. Siwatetei. Ila sidhani kama kuna aliyeingia ualimu akiwa na kifutio mfukoni kwa kazi hiyo.

Najua mtaniambia nini. Mimi mwenyewe nimefika hapa kwa mtihani, na ukiuondoa, nafasi zitagawanywa kwa kujuana. Haya, nakubali, shingo upande. Na watafiti wa kumbukumbu, Roediger na Karpicke, walishaonyesha mwaka 2006 kwamba anayejipima baada ya kusoma hukumbuka kwa muda mrefu kuliko anayerudia kusoma tu. Vizuri. Basi tuwapime kwa deni lisiloisha! Nani kasema swali la mtihani lazima liwe la mtu asiyekuwepo, anayekopa fedha ambazo hatujui za nini?

Kuhusu muda, msinianze. Muda wa kurudia swali lilelile mara saba tunaupata wapi?

Kengele ilipogonga, yule wa nyuma alichana ukurasa wenye jedwali, akaukunja mara nne, akautia mfukoni. Wa mbele alilinakili pia, kwa mwandiko wake mzuri wa siku zote, na juu yake akaandika kwa wino mwekundu: HAITOKI.